Barwaqo Hacheui

Tulimkuta Barwaqo amepiga magoti mbele ya gunia la mahindi ya msaada, na gunia lilikuwa tupu. Ukame ulitubakishia ngamia mmoja tu wa maziwa hapa Hadado, na huyo mmoja akaamua kula posho yetu yote kwa mkupuo. Nilimtukana mpaka nikachoka. Sikujua bado kwamba nilipaswa kuogopa.

Asubuhi iliyofuata nilijua. Alikuwa akisaga meno, udenda unamtoka, ubavu wa kushoto umejaa na kukaza. Kibaya zaidi, hakuwa akicheua. Taya la ngamia aliyelala halitulii hata akiwa na njaa, na sasa la Barwaqo lilikuwa limetulia kabisa.

Mama mkwe wangu, Osob, ana dawa moja ya maradhi yote: susa, maziwa ya ngamia yaliyochachuka. Mtoto akiharisha, susa. Mzee akiumwa kichwa, susa. Kabla sijafungua mdomo alikuwa amemnywesha Barwaqo kibuyu kizima, na muda si muda ngamia akaanza kuguna kwa maumivu. Nikampigia simu Ruweyda, daktari wa mifugo kule Wajir, nikamweleza yote. Niliposema susa alinikatiza.

"Weris, tumbo lake tayari lilikuwa limejaa asidi," akasema. "Mahindi yamechachuka humo ndani. Vimeng'enya vinavyovunja majani haviwezi kufanya kazi kwenye uchachu, na nyinyi mmeongeza uchachu. Mpe magadi kwenye maji yapunguze hiyo asidi. Lakini usizidishe, abaayo, dada yangu. Magadi yakizidi, vitagoma vilevile."

Nikauliza kiasi gani. Akasema konzi mbili za mkono wangu, basi, hata nikiona hali haibadiliki. Nilichota kwa haraka hivi kwamba sijui kama konzi ya pili ilikuwa konzi au konzi na nusu. Tulimnywesha, mimi nimeshika kichwa, mume wangu Abdiqani ameshika chupa. Osob alikaa pembeni akihesabu tasbihi yake, bila kutaja dawa yoyote, jambo ambalo sijaliona tangu niolewe.

Kisha Abdiqani akaleta kisu. Hakuwa mkatili. Ngamia akifa mwenyewe ni mzoga, ni haramu, na watoto wetu hawangepata maziwa wala nyama. Akichinjwa angali hai, angalau tungekula. Tatizo ni kujua saa yenyewe, na hakuna aliyeijua. Nilimsihi angoje mpaka alasiri. Alikubali, ila kisu hakukiweka chini, na kila Barwaqo alipovuta pumzi nilimwona akimtazama kooni.

Alasiri ikafika. Pumzi zilikuwa fupi, macho yamefifia. Niliogopa kwamba magadi yangu ndiyo yaliyokuwa yakimmaliza, na sikuweza kumwambia mtu. Abdiqani akamwelekeza kibla, akapiga goti, akapapasa pale shingo inapoanzia kifuani.

"Ngoja kidogo," nikasema.

"Nimengoja, Weris. Akitutoka sasa tumekosa vyote."

Akasema Bismillah kwa sauti ambayo haikuwa yake. Nikafumba macho. Nilisubiri kusikia mguno, haukuja, nikayafumbua.

Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeganda shingoni. Chini ya kiganja kitu kilisogea. Donge lilipanda polepole, likapita chini ya vidole vyake, likapanda shingo yote ndefu mpaka kinywani. Taya la Barwaqo likaenda upande mmoja. Likarudi. Likaenda tena.

"Anacheua," nikamwambia.

Abdiqani hakuinuka. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja ili kisu kimtoke. Kwenye ncha yake palikuwa na damu kidogo ya Barwaqo.