D Isiguswe

Apolonia alirudi nyumbani kwake Mlandege Jumapili mchana akitoka msibani Igowole, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Kabla hajaweka begi chini akaona kompyuta ya sebuleni inawaka, na shemeji yake Ambrosi, mdogo wa mumewe, ameikalia kama ya kwake.

"Karibu, shemeji! Nimekumalizia kazi. Linux imekaa, mashine nyepesi, virusi kwaheri."

"Si tulikubaliana uje kesho, nikiwepo?"

"Kaka alinifungulia."

Apolonia alikuwa mwalimu wa baiolojia. Kwa miaka sita, kila likizo, alishuka Madibira kupiga picha ndege wa bonde la Usangu, akifikia kwa Nkuba, mfugaji wa Kisukuma aliyewatambua ndege wale kwa sauti tu. Alikuwa anaandika kitabu. Picha elfu sita na mia tatu, kila moja na jina lake la Kisangu na la Kisukuma, tarehe na mahali, zilikaa kwenye kompyuta ile, katika sehemu ya diski iliyoitwa D.

Ndiyo maana hakutaka kubahatisha. Virusi vilipoizidi Windows akaamua kuhamia Linux, mfumo huria, alisoma wiki mbili, kisha akachora mpango kwenye karatasi ya grafu. Sehemu ya C, yenye Windows, ifutwe. Ndani yake gigabaiti arobaini ziwe za mfumo mpya, nane za akiba kumbukumbu ikijaa, zinazobaki ziwe za mafaili peke yake, ili mfumo ukiharibika uwekwe upya bila mafaili kuguswa. Chini aliandika kwa wino mwekundu: D ISIGUSWE. Diski ya nje ya kuhifadhia nakala ilikuwa inakuja na basi la Jumatatu. Karatasi aliibandika juu ya skrini, mahali ambapo asiyeiona ni kipofu.

"D iko wapi?" aliuliza.

"Linux haina D, shemeji."

"Ambrosi. Picha zangu ziko wapi?"

"Ile karatasi niliiona, ila ulikuwa unajichosha bure. Kugawagawa diski ni mambo ya kizamani. Nimebonyeza futa yote, tumia diski nzima. Dakika ishirini tu."

Apolonia alivuta waya wa umeme ukutani. Skrini ikazimika.

"Toka."

"Lakini shemeji..."

"Toka kabla sijasahau kwamba wewe ni shemeji yangu!"

Mumewe, Liberatus, alitokea jikoni. "Mama Roza, jamani, majirani wanasikia. Si picha za ndege tu?"

Hapo ndipo hasira ilipompanda kweli. Hasira zake kwa Ambrosi zilikuwa za mtu aliyevunjiwa kitu. Hizi zilikuwa za miaka sita ya kuambiwa "safari zako zile".

"Ungeniachia shamba lako la mahindi siku moja," alisema taratibu, "nikalifyeka lote kwa sababu nimeona mistari yako haina maana, ungeniita nani?"

Ambrosi alikwishatoka, viatu mkononi.

Jumatatu aliomba ruhusa shuleni, akaipokea stendi ile diski ya nje, akaifunga mashine kwenye blanketi na kupanda nayo basi la Mbeya, ameipakata njia nzima. Huko alikuwepo Isakwisa, fundi wa kompyuta aliyesoma naye chuo.

"Umeizima mara moja?" Isakwisa aliuliza.

"Palepale."

"Umejisaidia. Ungeendelea kuitumia, vitu vipya vingeandikwa juu ya vya zamani."

Walikaa siku mbili. Programu ilichambua diski kipande kwa kipande, picha zikirudi mojamoja: korongo, mnandi, kundi la mabata. Zilirudi elfu nne na kidogo. Lakini zilirudi na namba tu. Majina yote yalikuwa yamepotea.

Apolonia alizitazama, machozi yakamtoka, na bado alikuwa amekasirika.

"Nikuwekee mfumo upya?" Isakwisa aliuliza.

"Hapana. Utakaa hapo unitazame nikiweka mwenyewe."

Picha zilipokwisha kuhamishiwa kwenye diski ya nje, aligawa diski kwa mkono wake, akisoma kila mstari kwa sauti kabla ya kubonyeza. Alikosea mara moja, akarudi nyuma, akasahihisha. Jioni mashine iliwaka, mfumo upande wake, mafaili upande wake.

Ambrosi alituma ujumbe: "Shemeji, tatizo lilikuwa ile programu." Apolonia hakumjibu. Shemeji huyo alipokuja nyumbani wiki mbili baadaye alimpa chai, akampa na kiti, lakini kile cha mezani, mbali na kompyuta. Liberatus naye aliomba radhi, kwa maneno machache ya mtu asiyezoea, akajitolea kumpeleka Madibira mwezi wa saba.

Huko Nkuba alizipitia picha zile siku tatu, akizirudishia majina. Mia kadhaa hakuweza kuzitaja: bila sauti, alisema, ndege hawa wanafanana. Apolonia aliandika "hajulikani" kwenye kila moja, akikandamiza vitufe kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.