Namba ya Jirani

Jumatatu ya kwanza baada ya Pasaka, Kandida, karani wa parokia moja juu ya Ngaramtoni, alimwaga mezani karatasi za nia za misa, yaani maombi ya waumini, za miaka sita, akavua saa yake ya mkononi, akaanza kutafuta namba za simu. Kamati ya mawasiliano ilitaka kila muumini apate matangazo kwenye simu yake. Mwenyekiti wa kamati, Bwana Arnold, mpima ardhi mstaafu, alikuwa ameacha maagizo: namba zote ziwe za sura moja, tarakimu kumi na mbili, zianze na mbili tano tano, bila nafasi, bila vistari, bila maneno.

Maneno ndiyo yaliyokuwa mengi. Watu wa magharibi mwa Meru hawaandiki namba tupu kama mtu anayepita bila kusalimia. Mmoja aliandika, "Naomba mvua kwa maharage yangu, napatikana sifuri saba hamsini na nne, zilizobaki zipo nyuma ya karatasi." Mwingine aliweka herufi O penye sifuri, na saba zake zote alizifunga mkanda kiunoni. Mwingine alisema tu, "Namba ni ile ile ya mwaka jana." Kandida alizichambua moja moja kama mchele, akaondoa sifuri ya mbele, akaweka 255, akahesabu hadi kumi na mbili, akabonyeza. Karatasi zisizo na namba yoyote zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Hizo kompyuta ilizikataa, akaziweka kwenye boksi la sabuni chini ya meza.

Siku ile aliingiza arobaini. Kufikia Alhamisi, watu wote arobaini walikuwa wamejibiwa.

Mvua ilinyesha kwenye yale maharage, ikaishia kwenye masale, mimea ya mpakani, haikugusa mahindi ya kaka wa mwombaji. Mama mmoja aliyehamia Elerai alipigiwa na mwanawe, aliyekuwa kimya tangu aende migodini, wakaongea habari za kuku. Padri Sylvanus hakuona ajabu. Alisema nia hizo zimesomwa altareni miaka yote, ila anwani hazikuwa zimekaa sawa. Kosa lilikuwa moja tu: Kandida aliisoma nane kuwa sita, na punda aliyeombwa na mzee jirani wa parokia akamfikia mtu wa Kikatiti, upande wa pili wa mlima. Yule mtu alipiga simu ofisini kwa upole.

"Nimeletewa punda," alisema. "Nimempa maji. Ila jina halikutokea."

Kandida aliomba radhi, akasahihisha, na punda akarudi mwenyewe kwa barabara ya lami.

Kazi ilikuwa kwa Agnela.

Agnela, ambaye wateja humwita Mama Princess, ana duka pale njia inapoanza kupanda kwenda kitongoji cha juu. Wengi wa kitongoji hicho hawana laini, kwa hiyo kwa miaka kumi na mitano wameandika namba yake kila wanapoulizwa namba. Simu ikiingia, humwambia mpigaji apige tena baada ya dakika kumi, hufunga nusu ya mlango, hupanda kilima, na akifika getini hupaza sauti, "Fulani, simu yako!" Hajawahi kuchelewesha simu ya mtu. Lakini kompyuta haikujua habari za ujirani. Iliziona karatasi saba zenye namba moja, ikaandika mtu mmoja, Agnela.

Asubuhi ya Alhamisi alimkuta mlangoni ng'ombe mtamba aliyeombwa na Sironka wa kitongoji cha juu. Magoti yake, ambayo hayakuwa na shida kubwa, yalikuwa ya msichana wa miaka kumi na miwili, kwa kuwa mzee Yiamat alikuwa ameomba magoti. Mume wake Ndesanjo, ambaye hajawahi kuonja pombe, aliamka ameacha hata chai, maana Silantoi aliomba mume aache kunywa na hakufafanua kunywa nini. Vingine vinne vilikuwa vidogo, vikaenea kwenye kapu.

Agnela hakumlaumu mtu. Alimvuta mtamba mpaka juu, akapaza sauti, "Sironka, simu yako!" na Sironka akapokea kamba. Kwa Yiamat alitoa mkono tu, "Simu yako, mzee," akateremka taratibu na magoti yake ya zamani. Ndesanjo naye, Agnela alimpeleka mwenyewe, akamkalisha kutwa nzima karibu na mume wa Silantoi. Jioni Ndesanjo alirudi akiuliza birika liko wapi.

Kisha Kandida akafikia karatasi za Namnyaki, wa kitongoji kile kile. Zilikuwa sita, moja kila mwaka, mwandiko ule ule: "Naomba mtoto. Namnyaki wa Lomayani. Simu, ya Mama Princess." Kandida aliinua mikono kutoka kwenye kibodi, akamwita Namnyaki ofisini.

"Huna laini yako mwenyewe?"

"Nimeenda kusajili mara tatu, dada. Kile kimashine hakisomi vidole vyangu. Wanasema vimelika."

Alivionyesha. Jembe lilikuwa limefuta kila mstari.

"Namba ya mume wako je?"

Lomayani alikuwa na laini. Wanawake wawili walimfikiria Lomayani kwa muda.

"Hapana," alisema Namnyaki.

"Hapana," Kandida alikubali.

Wakateremka dukani kwa Agnela. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na uzazi aliuaga siku nyingi. Aliwasikiliza huku akipima sukari, akafunga mfuko, akasema, "Niandike. Mlima ni ule ule."

Kandida akaingiza namba. Alhamisi iliyofuata, harufu ya vitunguu ilimfukuza Agnela jikoni kwake.

Alikusudia kupanda siku ile ile. Njia ilikuwa na tope, akasema kesho. Kesho yake akasema tope halijakauka. Ukweli ni kwamba aliipenda ile mimba. Princess, kitindamimba wake, alikuwa chuoni Makumira na alikuja nyumbani mara moja kwa muhula, na hata akija macho yalikuwa kwenye simu. Nyumba ilikuwa imepoa. Sasa Agnela alijikuta akiimba akipanga viberiti. Alijiambia atakaa nayo kidogo tu, na kidogo kikaongezeka. Tusimhukumu upesi: aliyebeba vya wenzake miaka kumi na mitano ana haki ya kuchoka mikono, ingawa hana haki ya kubaki navyo.

Namnyaki alianza kushuka kila siku kununua chumvi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Hakuna simu yangu?"

"Bado. Labda mtandao."

Namnyaki alilipia chumvi, akaondoka. Hakuuliza mara mbili kwa siku moja. Mvua za masika zikaisha, baridi ya Juni ikaja, na Agnela akavaa koti kubwa la Ndesanjo, akalifunga vifungo vyote. Huko juu Lomayani alianza kulalamika kwamba mboga ni chumvi tupu.

Mwisho wa Agosti, Namnyaki alisimama mbele ya kaunta kama kawaida, akasema shikamoo. Kabla Agnela hajaitikia, mtoto aligeuka ndani ya koti. Aligeuka kwa nguvu, upande wa ile sauti, akabaki huko huko. Agnela alishika kaunta kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka mbele ya mteja, jambo ambalo halikuwahi kumtokea.

"Hakuna simu yangu?" aliuliza Namnyaki.

Agnela alifunga duka, si nusu ya mlango, wote. Walipanda pamoja, wakipumzika mara tatu. Walipofika getini Agnela alisimama, akavuta pumzi, na ingawa mwenye nyumba alikuwa ubavuni pake, alipaza sauti ile ile ya siku zote.

"Namnyaki, simu yako!"

"Abee," aliitikia Namnyaki, akapokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyelelewa.

Lile koti lilimpwaya Agnela papo hapo. Alikalishwa kwenye kigoda, akapewa maziwa.

"Samahani," alisema. "Imechelewa."

"Imefika," alisema Namnyaki.

Agnela aliyamaliza maziwa, akarudi zake akilia njia nzima, na pia akiwa mwepesi. Lomayani alirudi na ng'ombe jioni, akamwona mkewe, akamchagua kondoo wa kunenepesha kwa ajili ya siku ya kujifungua. Usiku ule alikula mboga yote bila neno.

Katika miezi hiyo Kandida alipeleka suala kwenye kamati. Alieleza habari za vidole vilivyolika na karatasi mia tatu na kumi na mbili. Bwana Arnold alimsikiliza vizuri. Naye mwenyewe alikuwa amejibiwa, mgongo wake ulikuwa umenyooka kama rula. "Tunawahurumia," alisema, "lakini mfumo hauna huruma, una nafasi kumi na mbili. Asiye na namba atafute namba." Wajumbe wakaona ni neno la busara, wakaagiza pia kitabu cha ubatizo kiingizwe kwenye kompyuta.

Mtoto alizaliwa Januari, msichana, na alibatizwa Jumapili ya pili ya Februari. Agnela alisimama kama mama wa ubatizo. Baada ya misa wote waliingia ofisini kuandikishwa, Namnyaki na mtoto mgongoni, Lomayani na fimbo yake, Agnela na mwavuli.

Kandida aliandika jina la mtoto. Kompyuta ikataka namba ya simu ya mama. Namnyaki akataja namba anayoijua, Kandida akaondoa sifuri, akaweka 255. Penye jina la mama, kabla hajaandika kitu, kompyuta ikajaza yenyewe: Agnela.

Agnela aliliangalia jina lake pale lilipoandikwa. Aliliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kulisoma.

"Futa," alisema.

Kandida akafuta. Akaandika Namnyaki, nafasi ya namba akaiacha tupu, akabonyeza. Kompyuta ikasema taarifa hazijakamilika. Akabonyeza tena, ikasema vile vile. Kwa mujibu wa kompyuta, hakuna aliyebatizwa siku ile. Namnyaki alimshusha mtoto mgongoni ili anyonye, na nywele za mtoto zilikuwa bado zimelowa maji ya ubatizo.