Ufa Nyuma ya Nyuzi

Kote alikofanya kazi, watu walimwita fundi, wakamwachia piano zao na kwenda zao. Kwa baba mkwe wake tu ndipo alipokuwa mkamwana, wa kusimamiwa kichwani kama mpishi aliyeajiriwa jana.

Hii ilikuwa Jumamosi ya nne mfululizo. Kila mara alikaza nyuzi zote, mia mbili na ushee, na kila mara piano ile kuukuu ikaimba vizuri hadi Jumatano, kisha simu ikalia: "Mwanangu, imelegea tena." Mzee hakuwahi kumlaumu. Alishusha pumzi tu, na pumzi hiyo ilimkera kuliko tusi.

"Baba, niruhusu nibadilishe vitu viwili vitatu."

"Hapana. Marehemu mama yenu aliipiga hivi hivi. Haibadilishwi hata msumari."

Mkamwana akainamia piano. Akashika kimoja cha vigingi vya chuma vinavyokaza nyuzi, akakizungusha. Kikazunguka kama kijiko kwenye chai. Cha pili, vilevile. Uvumilivu ukamwishia. Bila kuomba ruhusa akang'oa vigingi kumi, akamulika tochi. Ubao uliovishika ulikuwa na ufa wa urefu wa kiganja, na ndani yake gundi ya njano iliyokauka.

"Baba, njoo uone. Nani alitia gundi ya viatu humu?"

Mzee akainama, akatazama, akavuta kiti.

"Mimi. Tulipohama niliiangusha ngazini. Niliogopa kumwambia."

"Naye hakusikia kwamba inalegea?"

"Alisikia kila wiki. Nikamwambia masikio yake yamezeeka." Akapangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi. "Mwishowe akaacha kupiga."

Mkamwana alikuwa na hasira ya mwezi mzima, na sasa hakujua aitue wapi.

"Kwa hiyo ulijua, baba. Wiki zote nne."

"Nilijua. Nilitumaini utaiweza bila kuifungua."

"Ubao huu hautibiki. Lazima utoke, uchongwe mwingine. Miezi mitatu, na nyuzi zote zishuke."

"Sasa chake kitabaki nini?"

"Vitufe alivyovibonyeza. Hivyo sivigusi." Sauti ilimtoka kavu kuliko alivyokusudia.

Mzee akakubali kwa kichwa. Mkamwana akalegeza uzi wa kumi na moja, akaufunga kikaratasi cha kuujulia mahali pake, na bila kumtazama akamnyooshea kalamu.

"Andika namba, baba. Na tafadhali usikosee."