Mwalimu Fanueli Aikalia Mashine

Kwa miaka thelathini na moja Mwalimu Fanueli aliichora injini ubaoni. Alichora silinda, pistoni, vali mbili zilizofanana na uyoga, na pembeni ile grafu ya presha na ujazo, imejikunja kama soksi iliyoanikwa. Kisha alishika fimbo, na darasa zima likaimba hatua nne za injini: "Vuta! Bana! Pasua! Toa!" Walimu wa madarasa ya jirani walikuwa wakija kufunga madirisha. Alistaafu kwa heshima, akapewa godoro na saa ya ukutani. Lakini katika miaka yote hiyo hakuwahi kugusa injini hata moja. Aliziogopa. Pikipiki ikipita, alirukia pembeni kwenye majani.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kijiji cha Bungu, huko milimani, imekaza na ukungu umelala mpaka mlangoni, mkewe Marta alimkabidhi debe la mahindi.

"Baba Loveness, mimi nina mazoezi ya kwaya. Leo mashineni utakwenda wewe. Na usianze kufundisha watu huko. Saga, urudi."

Mashine ya kusaga ilikuwa ya Silvano, kwenye kibanda cha mabati chini kidogo ya kanisa. Silvano alikuwa mtu mnene mwenye mapenzi mengi, na karibu yote aliyamalizia kwa injini yake kuukuu ya dizeli, ambayo aliiita Bibi Harusi. Asubuhi hiyo alimsikia Bibi Harusi akikohoa kwa baridi, akamwonea huruma, akamwongezea oili. Hakuishia tumboni. Alijaza na chujio la hewa, lile kopo la juu lililo kama sufuria, ambalo huwekwa oili kidogo tu ya kunasa vumbi. Kidogo maana yake ni mpaka kwenye alama. Silvano alijaza mpaka alama ikazama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Foleni ikoje?"

"Uko nyuma ya Hidaya tu."

Hidaya, mkulima wa kabichi, alikuwa mwanafunzi wake zamani. Naye akaamkia, akasogeza kapu lake la kabichi ili Mwalimu apate pa kusimama. Silvano akazungusha hendeli, Bibi Harusi akaitika tu-tu-tu, na mahindi ya Hidaya yakaanza kushuka.

Hayakufika nusu. Mlio ulianza kupanda. Tu-tu-tu ikawa tutututu, halafu ikawa kitu kimoja kirefu kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Moshi wa bluu ukajaa kibandani. Silvano akakimbilia koki ya dizeli, akaifunga. Injini ikaongeza mwendo. Akang'oa na bomba la dizeli lenyewe, dizeli ikamwagikia viatu vyake. Injini ikaongeza tena.

"Nimekata dizeli!" alilia Silvano. "Sasa anakula nini huyu?"

"Ana pepo!" alisema mtu mmoja wa waliofika nyuma ya Mwalimu, na kabla hajamaliza alikuwa ameshafika barabarani. Wenzake wakamfuata. Bati moja la paa likaachia misumari, likaanza kupiga makofi. Silvano alipiga magoti. "Bibi Harusi, mama, tulia! Nimekukosea nini?"

Miguu ya Mwalimu Fanueli nayo ilitaka kuondoka, tena mmoja ulikuwa umeshatangulia. Lakini kichwani mwake ile grafu ilikuwa imewaka kama taa, na mshale unaizunguka.

"Hidaya! Hatua ya kwanza?"

"Vuta, Mwalimu!" Hidaya alijibu amesimama wima, mikono nyuma.

"Inavuta nini?"

"Hewa!"

"Na oili! Inavuta hewa na oili ya kwenye chujio!"

"Basi zimeni plagi!" mtu alipiga kelele kutoka barabarani.

Mwalimu alikasirika kuliko alivyoogopa. "Dizeli haina plagi! Hewa ikibanwa kwa ghafla inapata moto yenyewe, na chochote kinachowaka kikiingia humo kinapasuka! Haijali kama ni dizeli, ni oili, ni mafuta ya maandazi!"

"Mwalimu, utafundisha baadaye!" alilia Silvano.

"Tuinyime hewa! Isipovuta haibani, isipobana haipasui!"

Mdomo wa chujio ulikuwa juu, usawa wa kiti, upana wa kikombe cha chai. Alivua kofia yake ya sufu akaitupia. Mdomo ukaivuta kofia, ukainyonya mpaka nusu, na injini ikaendelea kupumua kupitia matundu ya sufu. Hidaya akaokota kabichi, akaipachika juu kwa nguvu. Mtetemo ukairusha, ikadunda kwenye ukuta wa bati, ikamfikia Silvano begani. Akapachika ya pili. Hiyo ilimfuata Silvano mpaka chini ya meza.

Hapo Mwalimu Fanueli aliona hakuna cha kufikiri tena. Aligeuka, akainua pindo la koti, akafumba macho, akaikalia.

Baridi ya ajabu ilimpita kwenye makalio. Suruali ikavutwa chini, ikakazwa, na yeye mwenyewe akahisi anaandikishwa kuwa sehemu ya injini. Akajikaza, meno yakigongana. Tutututu. Tu-tu. Tu. Tuh.

Kimya kikaingia, na kutoka kanisani zikasikika sauti za kwaya zikikosea ubeti. Halafu nazo zikanyamaza. Wanakwaya walishuka kilima kuja kuona kulikoni, Marta mbele, kitabu cha nyimbo mkononi. Alimkuta mumewe amekaa juu ya mashine kwenye moshi, kichwa wazi, uso umemkunjamana.

"Baba Loveness," alisema polepole, "hapo ni chooni?"

"Usinisemeshe, Mama. Nikiinuka inaweza kuwaka."

Haikuwaka. Waliomnyanyua walikuwa wawili, na nyuma ya suruali palikuwa na duara jeusi la oili, limechorwa safi kabisa. Marta alimfunga kanga ya Hidaya kiunoni, na besi zote za kwaya zikageukia ukutani kucheka.

Jumatatu Silvano alifungua injini kuisafisha, akamwita Mwalimu. Alichomoa pistoni, akaifuta kwa kitambaa, akamwekea kiganjani. Mwalimu Fanueli aliipima uzito, akaigeuza, akainusa. Ilikuwa ndogo kuliko alivyodhani. Ubaoni aliifanya kubwa kama ndoo.

"Pete zake ni nyembamba hivi?" aliuliza. "Mimi nilikuwa nachora kama bangili!"

"Nyembamba, Mwalimu. Zishike taratibu, zinavunjika."

Hidaya alipofika na debe lake jipya, aliambiwa hakuna kusaga mpaka Jumatano. Aliondoka akinung'unika kutafuta mashine nyingine, maana Mwalimu alikuwa amekaa chini, mikono myeusi mpaka viwikoni, anapandisha na kushusha pistoni ndani ya silinda, na mlio wa injini anautoa mwenyewe kwa mdomo.