Upande wa Kushoto

Mpimaji wa ultrasaundi alirudisha kifaa upande wa kushoto wa tumbo mara ya tatu, taratibu, kama mtu anayetafuta sindano iliyodondoka kwenye zulia. Fundi cherehani aliyelala kitandani aliujua vizuri upekuzi wa namna hiyo.

"Ovari ya kushoto ilitolewa lini, dada?"

"Haikutolewa. Walitoa uvimbe tu, ule wa damu nzito. Miaka mitatu sasa."

Mpimaji alimpeleka kwa daktari. Daktari ndiye aliyemsomea taarifa ya upasuaji iliyotoka hospitali ya zamani: ovari ya kushoto imeharibiwa na uvimbe, imeondolewa; ya kulia imesafishwa, imebakizwa. Mgonjwa atafute ujauzito mapema, kabla uvimbe haujarudi. Na chini kabisa: mama mzazi ameelezwa yote, ameahidi kumfahamisha mgonjwa.

Mama. Yule aliyemlisha uji kwa kijiko wodini, akamwambia, "Wamesema mwili upumzike kwanza, mwanangu. Mimba isubiri." Naye akasubiri. Alimeza vidonge vya kuzuia mimba, huku akishona magauni ya wajawazito wa watu na kuwaachia nafasi kiunoni.

Alimkuta mama uani kwake akianua nguo.

"Mama, nina nini upande wa kushoto?"

Mama alilikumbatia shuka. Hakuuliza upande wa kushoto wa nini.

"Ulikuwa na miezi minne tu kwenye ndoa," alisema hatimaye. "Na mawifi zako wale, midomo mikasi! Wangekurudisha kwangu na kidonda kibichi."

"Na mimi, mama? Mimi nami ni wifi?"

"Nilikuwa nangoja siku nzuri ya kukwambia."

Njia nzima alikuwa amekuja akiyanoa maneno makali. Sasa aliyaacha, kwa kuwa kumhurumia mama kuliuma kuliko kumchukia.

"Kwenye ovari ya kulia uvimbe umeanza kurudi," alisema. "Jumatatu wanapima damu, waone kama bado nina mayai ya kutosha."

"Nitakusindikiza."

Fundi alitoa simu, akampigia mumewe.

"Vipi, mke wangu? Mbona sauti hivyo?"

Mama aliliachia shuka likaanguka. Alitikisa kichwa, akaweka kidole mdomoni, akimsihi kwa macho.

Fundi alimtazama, hakumpa kisogo.

"Rudi mapema leo," alisema kwenye simu. "Kuna jambo letu, mimi na wewe. Hata mimi nimelijua leo."