Kuba la Mayowe

Kuba lilikaa peke yake jangwani kama chungu kilichofudikizwa kikasahauliwa. Halikuwa na msumari hata mmoja. Mbao zilishikana kwa vigingi, na juu kabisa palikuwa na tundu pana kama sinia. Mwenye kuba alijiita Mhandisi, ingawa kazi aliyowahi kuifanya ni kuuza magodoro. Alifundisha kwamba ugonjwa hukaa kooni. Mgonjwa akipiga yowe katikati ya kuba, mwangwi huubeba ugonjwa ukatokea tunduni. Asiyepiga yowe haponi. Ndiyo maana palikuwa na fimbo.

Mama mmoja, mshonaji, alimpeleka huko binti yake wa miaka tisa. Mtoto alikuwa na kifafa. Vidonge vya zahanati vilipunguza kuanguka lakini havikukomesha, na mama alikuwa amechoshwa na macho ya watu. Siku tatu kabla ya safari alivimwaga chooni, maana Mhandisi alisema vidonge huziba sauti.

Aliyewapeleka kwa gari ni mdogo wa mumewe.

"Shemeji, mimi dereva, sibishani na abiria," alisema walipofika. "Lakini dawa ya fimbo? Hata punda simpi."

"Nyamaza. Wewe umezaa?"

"Sijazaa. Ila nimewahi kupigwa."

Akabaki garini. Ndani, watu kama thelathini walikuwa wameketi kuzunguka ukuta. Mtoto alisimamishwa katikati, na Mhandisi akamkabidhi mama fimbo.

"Mkono wa mzazi ndio unaofungua njia."

"Mama, nitalia bila kupigwa," mtoto akasema. "Sikia." Akapiga yowe, likarudi kutoka kila upande.

Mhandisi akatikisa kichwa. "Hicho kilio cha kuazima."

Mama akapiga. Akapiga tena, akalenga miguu, ngozi ikachanika. Mtoto akapiga yowe la kweli na watu wakashangilia: "Unatoka! Unatoka!" Pigo la tatu halikujibiwa. Mtoto alikakamaa, macho yakageuka meupe, akaanguka kama gunia.

Mama alikijua kifafa cha mwanawe kama anavyoijua cherehani yake. Lakini humo ndani ukimya ulikuwa na maana moja tu.

"Umejificha!" Mhandisi akanguruma. "Msiuachie!"

Wasaidizi wawili wakaruka na fimbo zao. Mgongoni, mbavuni, sikioni. Mlio wa mti juu ya mfupa ulipanda hadi darini ukarudi maradufu, na damu ikaanza kulowesha mchanga.

"Ni kifafa! Mwacheni mwanangu, ni kifafa!"

"Mnausikia?" Mhandisi akacheka kwa furaha. "Unatokea kwa mama! Mshikeni!"

Watu wa karibu wakamkamata mikono. Kila alipopiga kelele, walishangilia. Na kila waliposhangilia, fimbo zilizidi. Ndipo akaelewa, jamani, kwamba kilio chake ndicho kinachomuua mwanawe. Akafunga mdomo.

Kimya kimya aliung'ata mkono uliomshika mpaka meno yakagota mfupani. Ulipolegea, akajichomoa, akaokota fimbo, na bila neno akamtandika Mhandisi mdomoni. Meno yakaruka. Mhandisi akapiga yowe ambalo kuba halijapata kulisikia.

"Unatoka!" watu wakashangilia, kama walivyofundishwa. "Unatoka!"

Wasaidizi nao wakaacha fimbo, wakapiga makofi. Mama akapiga tena, taya likavunjika, na hakuna aliyeinuka kumwokoa yule mtu. Kelele zikiwa zimepamba moto, akamwinua mtoto, akatoka naye mbio hadi garini.

Shemeji alikanyaga mafuta.

Mtoto alifika zahanati akiwa hai, mbavu mbili zimevunjika, sikio moja likichuruzika damu. Muuguzi alimfunga, akampa dawa, kisha akafungua daftari.

"Nani kampiga hivi?"

"Kuna watu kule jangwani..." shemeji akaanza.

"Andika mimi kwanza," mama akasema. "Hao wengine walinikuta nimeshaanza."

Muuguzi akaandika. Kisha akainuka, akakivuta kiti cha mama mbali na kitanda, akakiweka karibu na mlango.