Faili la Laki Moja na Ushee

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, mjane alilitoa faili la mumewe kwenye mfuko wa plastiki na kuliweka juu ya meza namba mbili. Ofisi ya vifo ina meza kumi na tatu na utaratibu mmoja: faili hushughulikiwa na meza ambayo namba yake inaigawa namba ya faili bila kubakiza. La mumewe lilikuwa namba laki moja, elfu nne, mia saba ishirini na tisa. Bila cheti hakuna aliyekufa, na bila aliyekufa shimo la mgodi lililomfukia mumewe halifukuliwi.

Karani akagawa kwa kalamu. Ikabaki moja. Mumewe akatokea kwenye benchi, vumbi la mgodi hadi kwenye kope, kofia ngumu magotini.

"Imebaki, mama," karani alisema. "Jaribu meza ya tatu."

Ya tatu ikabakiza wawili: mumewe na mwenzake wa kushika taa. Ya tano, wanne. Mjane hakulalamika, miaka sita ya njoo kesho ilikuwa imemfundisha kuvaa viatu vya chini. Ya kumi na moja ikabakiza tisa, zamu nzima iliyofukiwa, wakabanana kwenye benchi wakiombana radhi.

"Inueni miguu, jamani," mfagizi akawaambia.

Meza ya kumi na tatu, ya mwisho, ikabakiza mmoja. Wale wanane wakaenda zao.

"Hii namba tasa, mama," karani wa pale alisema kwa huruma. "Haigawanyiki ila kwa yenyewe na kwa moja."

"Basi moja si ipo?"

"Ipo. Ni meza ya mkuu."

Mkuu alikuwa shemeji wa mwenye mgodi. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere, lakini angefanyaje? Akaketi kusubiri.

"Mwanao amekuzidi urefu," alimwambia mumewe.

"Watatufukua lini?"

"Wakishaandika."

Mkuu alifika saa tano. Akalisoma faili, akatazama benchi.

"Mwenyewe si yule pale?"

"Ndiye," mjane alisema. "Lakini hapumui."

"Sikuuliza kupumua, mama. Yupo au hayupo?"

"Yupo."

Mkuu akaandika: *Mhusika amefika ofisini mwenyewe. Si marehemu.* Akagonga muhuri, kisha, kwa kufuata utaratibu, akaigawa namba kwa moja. Haikubakiza kitu. Benchi likawa tupu, na mfagizi akapangusa vumbi pale yule mchimbaji alipokuwa amekaa.

Mjane alirudi meza ya pili.

"Nigawie tena, mwanangu. Mara moja tu, nimuage."

"Limeshafungwa, mama."

Saa sita kamili baruti zikalia mgodini, kama kila siku. Makarani wakashika vikombe vyao visimwagike, wakaendelea na kazi.